Kurudia fizikia na kemia ukiwa mtu mzima: anzia jikoni kwanza, fomula zitafuata

Kuna mdogo wetu kauliza hapo juu, yuko Ngaramtoni, kamaliza kidato cha nne kitambo, fizikia na kemia zilimwangusha na sasa anataka kuzirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea ili aombe chuo cha afya. Anasema ana rundo la notisi ila kila akifika kwenye moli, ile idadi ya kuhesabia chembe kwenye kemia, anafunga daftari. Na naona wengi mmemjibu apige pasti pepa tu basi.

Mimi napiga tyusheni hapa Moshi mjini, huko nyuma nilikuwa nahudumia maabara ya shule, kwa hiyo bureti (lile bomba la kioo la kupimia asidi) nimeishika kuliko chaki. Watu wazima wanaorudia nawapata kila mwaka, na kwa ninavyowaona shida sio umri wala kichwa, shida wanayarudia haya masomo kama mtu anayekariri namba za simu, fomula hii hapa, fomula ile pale, hakuna inayomjua mwenzake. Pasti pepa ni nzuri na tutafika huko lakini ukizivamia kabla hujaelewa kitu unaishia kujua jibu la mwaka ule tu, wakigeuza swali kidogo umekwisha.

Sasa mdogo wangu sikiliza. Silabasi inaonekana ndefu ila sehemu kubwa sana inakaa juu ya maswali mawili. La kwanza, hapa chembe zinafanya nini? La pili, hii namba yuniti yake ni nini? Ukijizoesha kuuliza hayo mawili kwenye kila mada utashangaa mada zinavyoanza kushikana zenyewe, na utaona fizikia na kemia hazina ukuta mkubwa kihivyo katikati.

Chukua maji yanayochemka, manake hapo masomo yote mawili yamekaa kwenye sufuria moja. Kitabu kinakwambia maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Sawa, hiyo ni usawa wa bahari, Tanga au Dar. Wewe uko upande wa Arusha, mjini pale ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye kama nyuzi 95 hivi, huko kwako Ngaramtoni umepanda zaidi kwa hiyo ni chini kidogo ya hapo. Sisi Moshi tuko chini yenu, ni kama 97. Sasa kamuulize mpagazi yeyote anayepika mlimani Kilimanjaro, kambi ya Horombo pale mita 3,720 maji yanatokota kwenye kama 88, Kibo kwenye kibanda cha mwisho mita 4,700 ni kama 84, na ukipeleka jiko mpaka kileleni Uhuru mita 5,895 yatachemka kwenye kama 81. Yaani maji yanatokota kabisa mapovu juu lakini maharage hayaivi, yanakutazama tu.

Nikiuliza darasani kwa nini, wengi wanajibu "kwa sababu juu kuna baridi". Hapana. Baridi inachelewesha maji kufika kwenye kuchemka, ila haipunguzi ile nyuzi yanayochemkia. Rudi kwenye chembe. Ndani ya maji kuna molekuli zinahangaika kutoka ziwe mvuke, na juu ya maji kuna hewa inakandamiza. Maji yanachemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa iliyo juu yake. Ukipanda mlima hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, pale kileleni presha ni kama nusu ya ile ya baharini, basi molekuli hazihitaji moto mwingi kushinda, zinatoka mapema kwenye nyuzi za chini. Maharage nayo yanaivishwa na joto, mapovu hayawahusu. Ndo maana kuna presha kuka, unaufungia mvuke ndani presha inapanda karibu mara mbili na maji yanafika kama nyuzi 120 bila kuchemka. Hapo umeshasoma presha, umeshasoma mabadiliko ya hali za maada na hujagusa fomula hata moja.

Na usiondoke hapo haraka. Lita moja ya maji kuyatoa nyuzi 20 mpaka 95 unahitaji nishati kilojuli 315 (4.2 mara 1 mara 75, hiyo 4.2 ni kilojuli za kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja, piga mwenyewe). Lakini hiyo hiyo lita ikishachemka, kuigeuza yote iwe mvuke unahitaji kama kilojuli 2,260, yaani karibu mara saba, na muda wote huo temprecha haipandi hata kidogo! Nishati yote inaenda kuzitenganisha chembe, haiendi kuzikimbiza. Hiyo nishati ndo inaitwa joto fiche, ukielewa hiyo sentensi halitakusumbua tena. Na jikoni ukiona maji yameshachemka punguza gesi, kuongeza moto hapo unapoteza hela ya mtungi tu.

(Kwa anayedhani fizikia ya friji na sufuria ni ya kitoto, kumbukeni Erasto Mpemba. Mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto mwaka 1963, wanatengeneza aiskrimu, yeye akaingiza maziwa yake kwenye friji yakiwa ya moto na yakaganda kabla ya ya wenzake. Walimcheka. Baadae akiwa Mkwawa Iringa akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar, huyo akaenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja, Mpemba wakati huo akiwa chuo cha wanyamapori Mweka, hapa hapa juu ya Moshi. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama inatokea kweli na kwa nini.)

Tuhamie kwenye kemia kwa kutumia maji hayo hayo. Wewe ni mtu wa Arumeru, unajua kabisa habari ya meno ya kahawia, machalii wengi wa maeneo ya Maji ya Chai na Ngurdoto wanayo. Ni floridi, inatoka kwenye miamba ya volkano inaingia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Swali la kujipima: ukichemsha hayo maji floridi inapungua? Watu kibao wanasema ndio, eti kuchemsha kunasafisha. Uliza chembe. Vijidudu vinakufa sawa, lakini floridi ni ioni, chembe yenye chaji, imeyeyuka humo, haigeuki mvuke, kinachoondoka ni molekuli za maji. Kwa hiyo ukichemsha sana unabaki na floridi ile ile kwenye maji machache zaidi, maana yake umeikoleza. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, na njia iliyojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa namna maalum, ile kalsiamu fosfeti iliyobaki inaishika floridi maji yanapopita.

Umeona hapo nimesema miligramu kwa lita. Hiyo ndo mkusanyiko wa solusheni, kitu kiasi gani kwenye ujazo kiasi gani. Ukiigawa ile 1.5 kwa 19, uzito wa atomu ya florini, unapata milimoli kama 0.079 kwa lita. Ndo umeshaingia kwenye moli bila kugonga hodi.

Moli yenyewe ni idadi, basi. Chembe ni ndogo mno huwezi kuzihesabu kwa kidole kwa hiyo unazihesabu kwa mizani, na idadi iliyokubaliwa ni 6.02 × 10^23. Maji ukipima gramu 18 una idadi hiyo ya molekuli. Chumvi unapima gramu 58.5. Sukari, molekuli yake ni kubwa, unahitaji gramu 342. Kwa hiyo kilo moja ya sukari, hii inayotoka kiwanda cha TPC hapa chini yetu, ni kama moli 2.9 tu, wakati kilo moja ya maji ni moli kama 55.6. Uzito mmoja idadi tofauti kabisa. Nawaambia wanafunzi wangu mkae na hizo namba mbili mpaka zisiwashangaze, ndo mfungue ukurasa wa pili.

Kwa nini tunahangaika na idadi? Kwa sababu chembe zinareakti kwa idadi, hazijui gramu. Hapa ndo mnapodondokea kwenye taitresheni, lile jaribio la kupima asidi kwa besi, na mimi nilikuwa nawaona kwa macho nikiwa maabara. Mfano, sodiamu kaboneti gramu 5.3 imeyeyushwa ikafika lita moja. Uzito wa moli moja ni 106, kwa hiyo una 0.05 M, yaani moli 0.05 kwa lita. Unavuta sentimita za ujazo 25 kwa pipeti unaweka kwenye chupa ya koni, unadondosha methili orenji (indiketa, inabadilisha rangi kuonyesha asidi au besi) matone mawili, inakuwa njano. Kwenye bureti kuna asidi haidrokloriki. Unafungulia huku unazungusha chupa kwa mkono mwingine, ukikaribia unadondosha tone moja moja, ghafla njano inaingia rangi ya chungwa, simama hapo hapo! Ikishakuwa nyekundu umepitiliza, unaanza upya. Unasoma bureti jicho likiwa usawa wa pale chini ya mkunjo wa maji, unaandika desimali mbili, hata kama ni 25 kamili andika 25.00.

Sasa imetumika 25.00. Mwanafunzi anaona 25 na 25 anaandika haraka asidi ni 0.05 M. Kakosa. Tazama mlinganyo: Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2. Kaboneti moja inakula asidi mbili. Kaboneti uliyoweka ni moli 0.00125, asidi lazima iwe moli 0.0025, na imekaa kwenye ujazo ule ule, basi asidi ni 0.1 M. Hiyo mbili iliyosimama mbele ya HCl ndo inakula maksi za watu kila mwaka.

Huna maabara? Nunua rozela kavu sokoni, ichemshe upate maji mekundu, igawe kwenye vikombe. Kimoja kamulia ndimu, kitabaki chekundu kinachong'aa. Kingine weka magadi kidogo, kinageuka bluu hadi kijani. Hiyo ni indiketa kama ile ya dukani, na magadi yetu ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu kwa hiyo ni besi. Rudishia ndimu kwenye kile cha magadi uone mapovu na wekundu ukirudi, mapovu ni kaboni dayoksaidi, ni ule mlinganyo wa juu kwa sura nyingine. Usinywe tu.

Yuniti nazo usizidharau. Luku yako inakuuzia kilowatisaa, moja ni megajuli 3.6. Birika la wati 2,000 likichemsha ile lita yetu ya kilojuli 315 linahitaji sekunde kama 158, dakika mbili na nusu na ushee, na limekula kama 0.09 ya yuniti ya Luku ukiacha joto linalopotea. Ukisahau kubadilisha kilojuli kuwa juli utapata birika linachemsha kwa sekunde 0.16, na mtu anayefikiria yuniti anashtuka hapo hapo.

Mwanga, sumaku, mawimbi sina mengi, hizo chora. Penseli na rula, miale yenye mishale, usisome kwa macho tu. Pendulumu unaifanya nyumbani: uzi wa mita moja mpaka katikati ya jiwe, vuta kidogo tu pembeni, achia, hesabu kwenda na kurudi mara 20, utapata kama sekunde 40.

Pasti pepa anza ukishamaliza hizo za mwanzo, na fanya mada kwa mada, sio karatasi nzima. Lingine la muhimu kuliko hata notisi, kabla hujalipia kituo chochote cha kurudia uliza praktiko mnafanyia wapi na mnagusa vifaa mara ngapi. Kuna sehemu wanakuonyesha bureti siku ya mwisho, hiyo hela bora ununulie rozela.

Haya kazi yako hii: sodiamu kaboneti gramu 2.12 imeyeyushwa ikafika sentimita za ujazo 250, umechukua 20 kwa pipeti, asidi haidrokloriki iliyotumika ni 16.00. Tafuta M ya asidi, weka hatua zote hapa nikague jioni. Ukipata 0.1 usitume kwanza, rudi kwenye ile mbili.