Wiki Tatu Nilizopigania Bunduki Isiyo na Mteja

Juzi kijana mmoja wa Korogwe kaniandikia: "Kaka, nina bidhaa mpya, kila ninayemwonyesha anaisifu. Nikope?" Nilicheka peke yangu kwenye daladala ya Raskazone hadi konda akanigeukia. Sifa! Mimi ndizo zilizoniponza.

Nilikuwa afisa masoko wa kampuni ya ulinzi hapa Tanga. Walinzi wetu walilinda maghala na mashamba ya mkonge kwa shotigani namba 12, zile zinazompiga mtu bega mpaka anaiogopa siku ya shabaha kuliko mwizi. Usiku mmoja nikaiona mtandaoni kabaini ya kampuni ya Ruger, bunduki fupi yenye kitako lakini inakula risasi za bastola, milimita 9. Ilitoka Marekani mwishoni mwa 2017. Inafunguliwa vipande viwili ikaingia begini, na ukibadilisha kipande kimoja inapokea magazini (vile vibebea risasi) za bastola za Glock. Nikapagawa.

Wiki tatu ofisi haikupumua. Nilisema: risasi za aina moja kwa bastola na bunduki, teke dogo, shabaha rahisi kwa mlinzi asiye na mazoezi. Mhasibu akanijibu kwamba mwizi haogopi shabaha, anaogopa tundu la mtutu, na tundu la shotigani linaonekana ng'ambo ya barabara. (Hoja nzuri. Siku ile sikuikubali.) Dereva akauliza kwa nini mtutu uwe mrefu wa inchi 16 kwa risasi ya bastola. Nikamweleza kwa mbwembwe: Marekani bunduki ya kitako ikipungua hapo inahitaji usajili maalumu. Sheria ya Marekani nilikuwa nayo kichwani, bwana!

Siku ya kuwasilisha nilivaa tai. Mkurugenzi, polisi mstaafu ambaye sote tulimwita Afande, alisikiliza hadi mwisho huku chai yake ikipoa. Kisha:

"Mwanangu, inajipakia yenyewe?"

"Ndiyo, Afande. Kila ukivuta, inatoka moja."

"Na Itifaki ya Nairobi ya 2004 umeisoma?"

Sikuwa nimeisikia. Nchi zetu, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana humo kuwazuia raia kabisa kumiliki bunduki za kivita na hizi za kujipakia zenyewe. Na sisi, pamoja na sare zetu na filimbi, ni raia. Afande akanirudishia makaratasi, akamwambia katibu muhtasi apashe chai moto. Mhasibu alicheka hadi Ngamiani wakajua. Mpaka leo nikipita ofisi ile navuka barabara.

Sasa nyie vijana wenzangu mnaopenda kusema "soko lipo", nisikilizeni. Soko si watu wanaopenda kitu. Ni watu wanaoweza, wanaoruhusiwa, na wako tayari kutoa pesa. Anayekusifia hana hasara yoyote. Ulizeni ruhusa kwanza. Narudia, ruhusa kwanza, kabla ya bei, kabla ya nembo, kabla ya kumtangazia shemeji. Mnaona uvivu kwenda kukaa benchi la ofisi ya serikali asubuhi moja, halafu mnapoteza wiki tatu kubishana.

Kijana wa Korogwe, umesema bidhaa yenyewe ni kiuatilifu cha viwavi wa mahindi. Kabla ya mkopo, nenda TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, ukaulize kama kimesajiliwa. Wakikujibu, niandikie tuanze kuongea bei.