Ndugu yenu amelala Kaboya? Nendeni mkamwone kabla ya kuitisha kikao cha kumhamisha

Huku Mwanza si ajabu kukuta familia yenye mtu wake aliyekwenda Vita ya Kagera akabaki hukohuko. Vijana waliitwa mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka na kulilipua daraja la Kyaka. Kampala ilipoanguka, Aprili 11, 1979, kuna waliokuwa wameshakufa, na wengi wao leo wamelala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba. Halafu miaka inapita, ukoo unapata misukosuko, ndoa hazikai, watoto wanaugua, na mzee mmoja anasimama: "Huyu arudishwe nyumbani, analalamika."

Kwetu yalisemwa hayohayo. Baba yangu mdogo yuko Kaboya, na bibi alifariki akiamini mwanawe alitupwa porini. Hakuna aliyewahi kumpeleka.

Ushauri wangu ni huu: wapelekeni walewale wanaotaka kumhamisha. Msitume vijana wakarudi na picha kwenye simu. Mzee aliyeshikilia neno lake hashawishiwi na picha. Sisi tulimchukua shangazi, mbishi kuliko wote. Alipita safu kwa safu akisoma majina kwa kunong'ona, akifika kwa jina la Kihaya au la Kimakonde anasimama kidogo. Tulipolipata kaburi, swali lake la kwanza kwa askari aliyetuongoza lilikuwa, "Hapa anafagia nani?" Yule kijana akajibu, "Ni sisi, mama." Shangazi alinyamaza muda mrefu. Tuseme ukweli, makaburi yetu ya nyumbani yanafyekwa siku ya msiba tu.

Na heshima yake haiishii kwenye ufagio. Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa panapofanyika maadhimisho ya kitaifa, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, yanafuata mashada, upinde na mishale. Mtu wenu anakumbukwa na nchi nzima, pamoja na wale aliokufa nao. Ukimtoa pale unamtenga na wenzake.

Safari yenyewe siku hizi si mateso. Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, unapita Sengerema, Geita na Biharamulo hadi Muleba. MV Victoria nayo inakwenda Kemondo na Bukoba, ila wazee wanaokumbuka MV Bukoba ilivyozama, 1996, wengine hawapandi meli hata kwa dawa. Msiwalazimishe.

Kubwa ni kwamba lile ni eneo la jeshi. Msitokee getini na Hiace imejaa watu. Liandikieni jeshi barua mapema, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, mweleze uhusiano wenu na marehemu, na kila mmoja abebe kitambulisho cha NIDA. Tafuteni pia jina aliloandikishwa nalo jeshini. Nyumbani mnaweza kuwa mlimwita jina la babu yake, kule ameandikwa kwa jina la ubatizo na la baba, mkabaki mnazunguka makaburini bila kumwona. Barua ya zamani au karatasi yoyote ya jeshi iliyobaki sandukuni itawasaidia. Simu ibaki mfukoni mpaka mruhusiwe kupiga picha.

Kufukua ni habari nyingine kabisa: kunataka vibali, fedha, na moyo wa kusimama pale mkitazama. Wazee wakishikilia kwamba lazima kitu kirudi nyumbani, ombeni udongo kidogo. Ombeni, msichote kimyakimya. Shangazi aliomba, akakubaliwa, akaufunga kwenye pindo la khanga. Kuna mzee mmoja bado hajaridhika. Huyo tumemwambia gharama za kufukua aanze kuzichanga yeye.