Jibu: Nguo za watoto katika matangazo ya zamani ya sabuni

Ndugu, umeuliza kama matangazo ya kale ya sabuni yanaonyesha watoto walivyovaa kweli. Kwa sehemu tu. Katika tangazo maarufu la Pears, kampuni ya sabuni ya Uingereza, lililotokana na mchoro wa John Everett Millais wa mwaka 1886, mjukuu wa mchoraji anatazama kiputo cha sabuni akiwa amevaa suti ya mahameli ya kijani yenye kola nyeupe ya marinda, vazi lililoiga mitindo ya karne zilizotangulia na ambalo, kwa maoni yangu, mtoto wa kibarua wa kiwandani asingelivaa hata sikukuu. Kumbuka pia kwamba wavulana wadogo wa Uingereza wakati huo walivalishwa magauni, kwa hiyo usidhani kila mwenye gauni ni msichana.