Mapolisi na baiskeli kila Mei

SWALI: Shikamoo dada. Niko New Jersey, kila Mei naona mapolisi kibao wanapita na baiskeli, wanaenda wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni Police Unity Tour, safari ya baiskeli ya mapolisi ya kuwakumbuka wenzao, ilianza 1997 na watu 18 tu, wakatoka Florham Park, hapo hapo New Jersey, mpaka Washington, D.C., siku nne juu ya baiskeli, na kila mmoja anavaa bangili yenye jina la askari aliyefia kazini, hapo ndo mi huwa naguswa sana, maana unapanda kilima miguu inawaka moto huku jina la mtu liko mkononi. Wanafika siku chache kabla ya Mei 15, siku ya kuwakumbuka askari waliofia kazini aliyoitangaza Rais Kennedy 1962, na safari inaishia kwenye kuta za ukumbusho huko Washington zilizochongwa majina ya askari hao. Mwakani toka nje uwapungie mkono.