Jibu: Malipo na malazi ya kikundi cha mafunzo Havana
Habari ndugu. Umeuliza kama kikundi chenu cha walimu, kitakachoondoka Marekani kwenda Havana kujifunza utamaduni na maisha ya kila siku, kinaweza kulipia hoteli kwa kadi za benki.

Kwanza angalieni kama hoteli hiyo imo katika orodha ya malazi yaliyopigwa marufuku na serikali ya Marekani. Kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi Kuba, hivyo kila mmoja abebe fedha taslimu za safari nzima. Sisi tulilala katika nyumba za wenyeji, zinazoitwa casa particular, ambako maelezo ya mama mwenye nyumba kuhusu libreta, yaani kitabu cha mgao wa chakula, yalitufaa kuliko makumbusho yoyote. Ratiba ijae shughuli za mafunzo, kwani sheria za Marekani haziruhusu utalii wa starehe huko.