Chagua Kazi Moja, Kaa Nayo Wiki Nzima

Kwa miaka mitatu simu yangu ilijaa picha za kazi za grafiki za watu. Kila usiku nikishafunga stesheneri hapa Mtwara, naingia Behance, mtandao wa wabunifu kuonyesha kazi zao, na Instagram, naona bango zuri, nahifadhi, napita. Nilijua najifunza. Kumbe macho yanashiba, mkono unabaki vilevile.

Ndipo akaja mama mmoja wa Chuno anayebangua korosho, anataka lebo ya pakiti. Nikamwekea kila nilichokipenda mitandaoni: vivuli, rangi zinazoyeyukiana, fonti nne, maandishi ya dhahabu. Akashukuru, akalipa. Siku chache baadaye nikazikuta pakiti zake mezani stendi. Nimesimama hatua kumi tu, jina lake silioni. Iliniuma sana, maana pesa ile aliitoa kwenye korosho alizobangua kwa mikono yake.

Kwa hiyo wewe unayeanza grafiki, nakuomba upunguze kuhifadhi. Tafuta kazi moja iliyokugusa, iprinti hata kwa wino mweusi, ibandike ukutani, kisha uichore upya kwa penseli. Usikimbilie kompyuta, itakurahisishia mno. Mkono ukipita alipopita mwenzako, unaanza kuona alichoamua na alichokataa.

Ya kwanza kuichora ilikuwa nembo ya The Public Theater, ukumbi wa maigizo wa New York, aliyoibuni mbunifu wa grafiki Paula Scher mwaka 1994. Kwa kuitazama niliona herufi nzito, basi. Penseli ndiyo iliyonionyesha kwamba herufi za neno PUBLIC hazilingani: zinaanza nene kabisa, zinakwenda zikikonda. Zimetokana na herufi za mbao za wachapaji wa zamani wa Marekani. Ukumbi ule unataka watu wa kila namna waingie, na tofauti ile ya unene inalisema jambo hilo pasipo picha ya mtu hata mmoja. Siku hiyo niliifuta nikaichora tena mara nne, nisichoke.

Baadaye nikageukia kanga. Bibi yangu wa Mikindani hainunui kanga iliyokunjwa. Muuzaji lazima aikunjue, bibi arudi nyuma, atazame pindo na mji, ile sehemu ya katikati, halafu asogee asome jina, yaani maneno yake. Nimeona hivyo tangu utoto na sikuwahi kufikiri kwamba bibi ananifundisha kazi. Rangi mbili tatu, pindo linaloshika kila kitu, maneno machache yaliyopewa nafasi yake. Wanaobuni kanga mpya leo bado wanafanya kazi ndani ya mipaka hiyo, na bado wanatushangaza. Saki Mafundikwa, mbunifu wa grafiki wa Zimbabwe, aliyeondoka New York akarudi Harare na mwaka 1999 akafungua chuo cha usanifu cha ZIVA, amekuwa akiwahimiza wabunifu wa Afrika watazame kwao kwanza. Mimi nilimwelewa nikiwa nimeshika kanga ya bibi.

Jambo jingine dogo: ukiipenda kazi ya mwenzako, mwambie ni kitu gani hasa kimekugusa. “Kali sana” haimsaidii. “Umeacha nafasi kubwa juu ya jina, nimelisoma nikiwa kwenye bodaboda” inamsaidia, na wewe mwenyewe inakulazimisha utazame vizuri.

Yule mama nilimrudia nikamtengenezea lebo nyingine bila malipo. Jina lake kubwa, uzito wa pakiti chini, fonti moja, na rangi mbili za bibo lililoiva, nyekundu na njano. Zilipofika mezani nikavuka barabara, nikageuka. Jina lilisomeka.

Wiki hii ukutani kwangu kuna kipande cha pindo la kanga kuukuu ya bibi. Nimefika kona ya pili, pale mchoro unapogeuka bila kukatika, na bado sijaweza kuipatia.