Baada ya Amin alikuja nani Uganda?

Hapana mkuu, unasema baada ya Idi Amin alikuja Obote, lakini Obote hakumpokea Amin moja kwa moja. Hapo katikati umeruka watu. JWTZ (jeshi la Tanzania) na wapiganaji wa Uganda walipoiteka Kampala Aprili 1979, aliyeapishwa ni Profesa Yusuf Lule, chaguo la mkutano wa Waganda wa uhamishoni uliofanyika Moshi, Tanzania. Alidumu siku 68 tu! Akafuata Godfrey Binaisa, mwanasheria. Mei 1980 akajaribu kumwondoa Oyite Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi, akang'oka yeye, Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikashika nchi. Obote alirudi madarakani Desemba 1980, kwa uchaguzi uliolalamikiwa mno. Julai 1985 jeshi lake likampindua tena, kama Amin alivyompindua 1971. Jenerali Tito Okello akakaa miezi sita, Januari 1986 akaingia Museveni.